Kodi ya gari lililotumika Texas: mwongozo kamili kwa anayenunua kwa mtu binafsi

Wasomaji walioko Houston, Fort Worth, Abilene na Amarillo wanaendelea kukwama mahali pamoja. Mtu ananunua gari kwa dola 4,000, anapiga hesabu ya kodi ya asilimia 6.25, anafika kwenye dirisha la ofisi ya kodi ya kaunti akiwa ametenga dola 250, kisha karani anamwambia kuwa kodi yake ni dola 350. Mwingine anarudishwa nyumbani kwa sababu fomu haina saini ya muuzaji, na muuzaji mwenyewe hapokei simu tena.

Makosa yote mawili huzuilika kabla fedha hazijatoka mkononi. Mwongozo huu unamhusu mkazi wa jimbo la Texas anayenunua kwa mtu binafsi, kwa kuwa ukinunua kwenye yadi yenye leseni, yadi ndiyo inayokusanya kodi na kupeleka makaratasi kwa niaba yako. Jamaa yako wa Ohio au Kentucky atakupa maelekezo mengine, naye hatakuwa amekosea, maana kila jimbo lina sheria yake ya kodi ya magari.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vitu hivi kabla ya siku ya kulipa. Kimoja kikikosekana, safari ya kwenda ofisi ya kaunti huwa ya bure.

- Hati ya umiliki wa gari, ile halisi, si nakala wala picha ya kwenye simu. Kila mmiliki ambaye jina lake limo kwenye hati anapaswa kusaini upande wa nyuma.
- Fomu 130-U, ambayo ndiyo maombi ya hati mpya na usajili. Inapatikana bure kwenye tovuti ya TxDMV, yaani Idara ya Magari ya Texas, na kwenye ofisi za kodi za kaunti. Inahitaji saini ya muuzaji na ya mnunuzi.
- Kitambulisho chenye picha ambacho muda wake haujaisha. Ikiwa unatumia pasipoti ya kigeni au kadi ya ukaazi, piga simu ofisi ya kaunti yako uulize wanapokea nyaraka zipi, kwa sababu masharti ya vitambulisho hubadilika.
- Uthibitisho wa bima ya dhima. Kiwango cha chini Texas ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, dola 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na dola 25,000 kwa mali iliyoharibika.
- Barua ya kufuta dhamana kutoka kwa benki au mkopeshaji, ikiwa hati inaonyesha kuwa gari lilinunuliwa kwa mkopo.
- Mkataba wa mauziano wenye tarehe, bei, namba ya chesisi na saini za pande zote mbili. Ofisi ya kaunti inaweza isiuombe, lakini ndio ushahidi wako wa bei na wa tarehe, nami nashauri usinunue bila huo.
- Matokeo ya kipimo cha moshi, ikiwa unaishi kwenye kaunti inayokidai. Miongoni mwa kaunti hizo ni Harris, Dallas, Tarrant, Collin, Denton, Fort Bend, Travis, Williamson na El Paso. Abilene na Amarillo haziko kwenye orodha hiyo.
- Fedha za kodi na ada, ambazo utajua kiasi chake baada ya hatua ya pili.

Watu wengi bado wanaulizia ule ukaguzi wa usalama wa kila mwaka. Kwa magari yasiyo ya biashara, ukaguzi huo uliondolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2025, ingawa ada ya dola 7.50 inayohusiana nao imebaki na hulipwa pamoja na usajili. Kipimo cha moshi hakikuondolewa kwenye kaunti zinazokidai.

## Hatua ya 1: Pata namba ya chesisi na maili kabla ya kupatana bei

Mwombe muuzaji namba ya chesisi, ambayo ina herufi na tarakimu 17, pamoja na idadi ya maili inayosomeka kwenye dashibodi. Usimtegemee kuituma kwa ujumbe tu. Ukifika kwenye gari, isome mwenyewe kwenye kibao kilicho chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, kisha uilinganishe na stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva na namba iliyochapishwa kwenye hati. Herufi I, O na Q hazitumiki kwenye namba hizi, kwa hiyo ukiona kiduara ni sifuri.

Namba hii ndiyo msingi wa kila kitu kitakachofuata: thamani ya kodi, historia ya gari na hati mpya. Ukikosea tarakimu moja utapata thamani ya gari la mtu mwingine.

Iingize namba hiyo kwenye huduma ya VINCheck ya NICB, taasisi inayopambana na uhalifu wa bima, huduma ambayo hailipishwi na huonyesha ikiwa gari limeripotiwa kuibwa au kuharibika kupita kiasi na bima zinazoshirikiana nayo. Ripoti ya kulipia yenye historia ya hati hugharimu kiasi kidogo tukilinganisha na hasara ya kununua gari ambalo hati yake ilishatiwa doa, yaani kuandikwa kuwa liliharibika vibaya, katika jimbo jingine.

Umefanikiwa pale namba tatu zinapolingana bila kasoro na huduma ya ukaguzi haionyeshi taarifa ya wizi. Namba zisipolingana, ondoka. Sababu yoyote atakayotoa muuzaji haiwezi kukusaidia mbele ya karani, na inaweza kukuingiza kwenye kesi ya mali ya wizi.

## Hatua ya 2: Tafuta thamani ya jimbo na upige hesabu ya kodi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo soma taratibu.

Kodi ya gari Texas ni asilimia 6.25, na miji wala kaunti haziongezi asilimia zao juu yake kama zinavyofanya kwenye bidhaa za dukani. Swali ni asilimia 6.25 ya kitu gani. Kwa mauzo kati ya watu binafsi, jimbo halitazami tu bei mliyokubaliana, bali linatazama pia thamani ambayo lenyewe limelikadiria gari la aina hiyo, la mwaka huo na lenye maili hizo. Thamani hiyo imeandikwa kwenye tovuti ya TxDMV kwa herufi SPV. Ukiingiza namba ya chesisi na maili kwenye kikokotoo chao, kinakupa jibu papo hapo.

Ukishaipata, tafuta asilimia 80 ya thamani hiyo. Bei uliyolipa ikiwa sawa na kiasi hicho au ikiwa kubwa zaidi, kodi inatozwa kwenye bei uliyolipa. Bei ikiwa chini ya kiasi hicho, kodi inatozwa kwenye asilimia 80 ya thamani ya jimbo, hata kama una risiti, mkataba na mashahidi.

Tuchukue mfano wa yule msomaji wa dola 4,000. Tuseme thamani ya jimbo ya gari lake ni dola 7,000. Asilimia 80 yake ni dola 5,600. Kwa kuwa 4,000 ni chini ya 5,600, kodi inakokotolewa kwenye 5,600, na 5,600 mara asilimia 6.25 ni dola 350. Karani hakumdhulumu, alifuata sheria.

Lau angelinunua gari hilohilo kwa dola 6,500, bei ingelikuwa juu ya 5,600, na kodi ingelikuwa asilimia 6.25 ya 6,500, yaani dola 406.25. Thamani ya jimbo isingeingia kabisa kwenye hesabu, wala asingelipa kwa dola 7,000.

Fanya hesabu hii kabla ya kupatana bei, si baada yake, kwa sababu kodi ni ya mnunuzi na muuzaji hana mzigo wowote hapo. Mtu anayejua kuwa gari la dola 4,000 litamgharimu dola 4,350 kabla ya ada nyingine anapatana bei kwa macho wazi. Asiyejua hugundua dirishani, wakati gari limeshakuwa lake na akiba imekwisha.

Juu ya kodi, ongeza ada ya hati, ambayo ni dola 28 au 33 kutegemea kaunti. Usajili wa gari dogo lisilozidi uzito wa pauni 6,000 ni dola 50.75 kwa mwaka, pamoja na ile dola 7.50 na ada za kaunti zinazotofautiana. Usajili ukiwa bado una muda, ada ya kuuhamisha ni dola 2.50 badala ya kuanza mwaka mpya. Gari la umeme lina ada ya ziada ya dola 200 kila mwaka, na wauzaji wa magari hayo mara nyingi hawamwambii mnunuzi habari zake.

Kwa mfano wetu, kodi ya 350, hati ya 33, usajili wa 50.75 na ada ya 7.50 vinafanya jumla ya dola 441.25, kabla ya ada za kaunti. Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi yenye namba nne: bei, thamani ya jimbo, asilimia 80 yake, na kodi. Piga picha ya skrini ya kikokotoo siku hiyo hiyo na uitunze.

## Hatua ya 3: Amua ikiwa gari linahitaji tathmini

Kikokotoo hakijui kuwa giaboksi imekufa, kwamba gari liligongwa ubavuni au kwamba injini inavuja. Kinahesabu gari lililo katika hali ya kawaida. Ikiwa umenunua kwa bei ndogo kwa sababu gari ni bovu kweli, sheria inakupa njia ya halali: tathmini iliyothibitishwa.

Tathmini hufanywa na muuza magari mwenye leseni ya Texas au mkadiriaji wa hasara za bima mwenye leseni, ambaye atajaza Fomu 14-128. Ifanyike ndani ya siku 20 za kazi za ofisi ya kaunti tangu siku ya ununuzi, kisha fomu halisi iwasilishwe pamoja na maombi ya hati. Ukichelewa, karani hana ruhusa ya kuipokea na utalipa kwa asilimia 80 ya thamani ya jimbo.

Tathmini hulipiwa, na hapa inabidi ufikirie kwa makini. Tuseme gari lenye thamani ya jimbo ya dola 7,000 umelinunua kwa dola 2,000 kwa sababu injini imekufa, na mtathmini anaona kuwa linafaa dola 2,200. Bila tathmini ungelipa kodi ya dola 350. Kwa tathmini utalipa asilimia 6.25 ya 2,200, yaani dola 137.50. Umeokoa dola 212.50, lakini ikiwa mtathmini amekutoza dola 150, faida halisi ni dola 62.50 na nusu siku ya kazi imepotea.

Kila dola 100 unayomlipa mtathmini inahitaji tofauti ya dola 1,600 kati ya asilimia 80 ya thamani ya jimbo na thamani atakayoandika, ndipo urudishe fedha yako. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, lipa kodi ya jimbo na uendelee na maisha. Ushauri wangu ni kuwa tathmini inafaa kwa gari la thamani kubwa lenye ubovu mkubwa, na haifai kwa gari ambalo limepungua bei kwa mikwaruzo na viti vilivyochanika.

Uliza ada kwa simu kabla ya kulivuta gari kwenda huko. Uliza pia ikiwa mtathmini atakuja gari lilipo, kwa sababu gharama ya kuvuta gari bovu inaweza kumeza akiba yote.

## Hatua ya 4: Isome hati ya umiliki kabla ya kutoa fedha

Shika hati mkononi, mchana, na uisome pande zote mbili huku kitambulisho cha muuzaji kikiwa mbele yako. Jina la kwenye hati lazima liwe la mtu anayekuuzia.

Tatizo kubwa kuliko yote ni hati ambayo upande wake wa nyuma umeshasainiwa na mtu mwingine, kisha anayekuuzia anasema aliinunua kwake lakini hakuwahi kuibadilisha. Mtu huyo amekwepa kodi yake na anataka jina lake lirukwe katika mnyororo wa wamiliki. Ukikubali, kaunti itataka ushahidi wa mauzo ya kwanza na kodi yake, na mtu wa kwanza anaweza kuwa amehama au hataki kusikia habari hizo. Magari mengi yanayouzwa kwa bei ya kuvutia katika jumuiya zetu, kwa kuaminiana tu, yana hati za namna hii, na wanaoumia ni familia mpya ambazo gari hilo ndilo la kuwapeleka kazini. Usikubali. Mwambie abadilishe hati kwa jina lake kwanza, kisha akuuzie.

Angalia kama kuna jina la benki au mkopeshaji. Likiwepo, usitoe hata amana mpaka uone barua halisi ya kufuta dhamana, kwa sababu deni hufuata gari na mkopeshaji anaweza kulichukua hata kama umelipa bei yote. Angalia pia kama hati ina neno Salvage, yaani gari lililoharibika vibaya, au Rebuilt Salvage, yaani lililoharibika hivyo kisha likatengenezwa. Gari lenye hati ya Salvage halisajiliwi kwa barabara mpaka litengenezwe na kupewa hati mpya, na gari lenye Rebuilt Salvage hushuka thamani kwa kiasi kikubwa siku utakapoliuza.

Hati iliyofutwa kwa rangi nyeupe, iliyokatwa jina au kuandikwa juu ya maandishi mengine inaweza kukataliwa. Dawa yake ni muuzaji kuomba nakala mpya iliyothibitishwa kwa Fomu VTR-34, ombi ambalo wewe kama mnunuzi huwezi kulifanya kwa niaba yake. Ndiyo maana kosa dogo la kalamu linapaswa kuonekana kabla hamjaagana.

Mmiliki akiwa amefariki, mjane au mtoto hawezi kusaini tu kwa jina la marehemu. Ziko nyaraka za warithi, na ofisi ya kaunti itaeleza zipi zinahitajika kwa hali yenu.

## Hatua ya 5: Jazeni Fomu 130-U kwa bei ya kweli

Jazeni fomu pamoja, mkiwa mmekaa. Namba ya chesisi, mwaka, aina ya gari, maili, majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, anwani ya mnunuzi, tarehe ya mauzo na bei. Muuzaji asaini sehemu yake nawe usaini yako. Kwenye hati yenyewe, muuzaji ajaze jina lako, tarehe na maili. Kwa magari ya mwaka 2011 na kuendelea, taarifa ya maili ni sharti la sheria ya shirikisho.

Wapo watakaokushauri uandike dola 500 badala ya 4,000 ili kodi ipungue. Ushauri huo ni mbaya kwa sababu mbili. Kwanza, haufanyi kazi: bei ikishuka chini ya asilimia 80 ya thamani ya jimbo, kodi inabaki palepale, iwe umeandika 500 au 4,000. Pili, kutoa taarifa ya uongo kwenye Fomu 130-U ni jinai ya daraja la tatu katika sheria za Texas. Mtu ambaye bado anasubiri kadi ya ukaazi au uraia anaweka mambo makubwa hatarini kwa sababu ya akiba ambayo haipo.

Kabla ya kukunja karatasi, soma tena saini zote. Fomu iliyo tayari haina nafasi iliyoachwa wazi kwa ahadi ya kujazwa baadaye. Kataa hati au fomu iliyosainiwa ikiwa tupu, na wewe usisaini iliyo tupu.

## Hatua ya 6: Nendeni wote wawili ofisi ya kodi ya kaunti

TxDMV yenyewe inashauri mnunuzi na muuzaji waende pamoja, nami nauona kuwa ndio ushauri wenye thamani kuliko mwingine wowote katika jambo hili. Karani akiona kasoro, mwenye kuirekebisha yupo palepale. Muuzaji naye ananufaika, kwa sababu anaona kwa macho yake kuwa gari limetoka kwenye jina lake na hatapokea tena bili za barabara za kulipia wala tiketi za maegesho.

Muuzaji akikataa kwenda, muulize sababu. Yupo anayekataa kwa kuwa yuko kazini, na mnaweza kupanga siku nyingine au kukutana saa za mchana. Yupo anayekataa kwa sababu anajua kuna kasoro. Wa pili huyu utamtambua kwa jinsi anavyokuharakisha umlipe.

Mlipane bei ya gari kupitia benki ikiwezekana, kwa hundi ya benki au uhamisho, ili kuwe na kumbukumbu ya kiasi. Mkilipana fedha taslimu, iandikwe kwenye mkataba na kila mmoja abaki na nakala yenye saini mbili.

Muuzaji anapaswa kuondoa vibao vyake vya namba na kujaza taarifa ya uhamisho kwenye tovuti ya TxDMV ndani ya siku 30, huduma ambayo ni bure. Taarifa hiyo inamkinga yeye, lakini haibadilishi umiliki, na wanunuzi kadhaa wamekaa miezi wakidhani kazi imekwisha kwa sababu muuzaji aliwaambia kuwa amesharipoti. Ikiwa gari halina vibao na mnahitaji kulifikisha nyumbani au ofisini, tovuti hiyo hutoa bila malipo kibali cha safari cha siku 5, ambacho hutolewa mara moja tu kwa mauzo hayo.

## Ikiwa gari umepewa na ndugu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kuna kodi maalumu ya dola 10 kwa gari la zawadi na watu wetu wengi huiomba bila kustahili.

Kodi ya dola 10 inawahusu mume na mke, mzazi au mzazi wa kambo, mtoto au mtoto wa kambo, babu au bibi na mjukuu, ndugu wa kuzaliwa, mlezi wa kisheria, na mirathi ya marehemu. Pande zote mbili husaini hati ya kiapo, Fomu 14-317, na mmoja wao huiwasilisha ofisini mwenyewe akiwa na kitambulisho.

Sheria hii inahesabu undugu kwa upana mdogo kuliko sisi. Mjomba, shangazi, mpwa na binamu hawamo. Baba mdogo aliyekulea tangu utotoni hahesabiwi kuwa mzazi, isipokuwa mahakama ilimpa ulezi wa kisheria. Mtoto wa baba mkubwa, ambaye tangu kuzaliwa mmeitana kaka, mbele ya fomu hii ni binamu. Ukimwandika kuwa ndugu wa kuzaliwa umeapa jambo lisilo kweli, ingawa moyoni hukukusudia kudanganya. Ikiwa anayekupa ni mkwe au shemeji, soma orodha iliyochapishwa kwenye fomu na umwulize karani kabla ya kusaini.

Gari likitolewa na mtu asiye kwenye orodha, hata bila senti moja, linatozwa kodi kama mauzo, na msingi wake ni asilimia 80 ya thamani ya jimbo. Kwa gari la dola 7,000 tulilotumia hapo juu, zawadi ya binamu itakudai kodi ya dola 350. Ni vizuri mtoaji alijue hilo ili msaada wake usigeuke mzigo usiotarajiwa kwa aliyefika nchini juzi.

Zawadi pia lazima iwe zawadi kamili. Mzazi akikupa gari lakini wewe ukachukua deni lililobaki benki, au ukamlipa sehemu ya bei, hayo ni mauzo. Kubadilishana gari kwa gari bila kuongezeana fedha kuna utaratibu wake, ambao kodi yake ni dola 5.

## Hatua ya 7: Lipa ndani ya siku 30 na ukague risiti

Una siku 30 tangu tarehe ya mauzo. Usizihesabu kuanzia siku uliyopata nafasi wala siku gari lilipotoka kwa fundi. Kodi ikichelewa hadi siku 30, adhabu ni asilimia 5; ikizidi hapo, ni asilimia 10. Mbali na hiyo, kuna faini ya kuchelewesha hati, inayoanza dola 25 na kuongezeka dola 25 kwa kila siku 30 zinazofuata mpaka ifike dola 250. Kwa mfano wetu wa kodi ya 350, aliyechelewa miezi miwili anakuwa ameongeza dola 85 kwa kitu ambacho angeweza kukilipa kwa wakati.

Ikiwa fedha hazitoshi siku ya kununua, usinunue kwanza. Tenga fedha za kodi pembeni kabla ya kumpa muuzaji bei yake, kwa sababu kodi hulipwa yote kwa pamoja dirishani.

Dirishani, kabidhi hati, Fomu 130-U, kitambulisho, bima na nyaraka nyingine kulingana na hali yako. Karani atakutajia thamani ya jimbo na kodi. Linganisha na karatasi yako ya hatua ya pili. Zikitofautiana, uliza kwa heshima ameingiza maili ngapi na aina gani ya gari, kwa kuwa mara nyingi tofauti hutokana na maili yaliyosomwa vibaya au toleo la gari lililochaguliwa kimakosa. Ukiwa na ile picha ya skrini, jambo hili humalizika haraka.

Kabla ya kuondoka, soma risiti: jina lako, namba ya chesisi, bei, kodi na anwani. Kosa la jina ni rahisi kurekebisha siku hiyo na gumu baadaye. Utaondoka na risiti ya maombi ya hati, stika ya usajili na vibao vipya ikiwa vya zamani viliondolewa.

Hati mpya haitolewi dirishani. TxDMV huituma kwa posta kwenye anwani uliyoandika. Ikiwa unahamahama au unakaa kwa jamaa, andika anwani ambayo barua zitafika kwa hakika, kwa sababu hati iliyopotea hulazimu kuomba nakala. Hati ikifika, itunze nyumbani pamoja na risiti ya kodi, usiiache kwenye droo ya gari, kwani mwizi akipata gari na hati pamoja amepata njia ya kuliuza.

## Ikiwa gari limetoka jimbo jingine

Mkazi wa Texas anayenunua gari Oklahoma au Louisiana kwa mtu binafsi analipa kodi ileile ya asilimia 6.25 anapolileta kulisajili, kwa kanuni ileile ya asilimia 80. Kodi aliyokwisha kulipa kihalali katika jimbo lile hupunguzwa kwenye anayodaiwa Texas, kwa hiyo abebe risiti yake.

Aliyehamia Texas na gari ambalo tayari lilikuwa limesajiliwa kwa jina lake katika jimbo jingine hayuko katika kundi hili. Yeye hulipa kodi ya mkazi mpya, ambayo ni dola 90, bila kujali thamani ya gari. Nimeona watu waliotoka Kentucky na Arizona wakitenga mamia ya dola kwa hofu, kumbe walichohitaji ni kumwonyesha karani usajili wa zamani wenye jina lao na kumwambia wazi kuwa wamehamia.